Kiwambo, Ngoma na Mzingile: Uhakiki wa Istilahi za Sikio katika Kiswahili

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya istilahi za Kiswahili: jinsi zinavyoundwa, nani mwenye haki ya kuziunda, na kama tukikopa tukope wapi. Mijadala hiyo ina faida yake. Kasoro yake ni kwamba aghalabu huzungumza juu ya istilahi kwa jumla, wala haikai na kitu kimoja ikakitazama mpaka ikakimaliza. Katika makala haya nimeona afadhali nichukue kiungo kimoja kidogo, sikio, niingie ndani yake hatua kwa hatua, na katika kila hatua niulize swali moja: neno hili tulilolichagua linamfanya msikilizaji asiyejua Kiingereza wala Kilatini aelewe nini, na akiisha kuelewa, afanye nini? Waundaji wa istilahi hawaanzi na swali hili. Wao huanza kwa kuuliza kama neno linalingana na lile la Kizungu.

Swali lenyewe sikulipata vitabuni. Miaka michache iliyopita niliombwa kufasiri kipeperushi cha kuwaeleza akina mama habari za maradhi ya masikio ya watoto. Kazi ilionekana nyepesi, nami niliifanya kwa siku moja. Mojawapo ya sentensi zangu ilisema: "Usiondoe uchafu wa sikio kwa kijiti wala kwa pamba." Siku kipeperushi kiliposomwa kwa sauti kliniki, nilikuwa nimeketi nyuma. Mama mmoja akamkatiza muuguzi: "Uchafu tusiuondoe? Basi mtoto tumwogeshee nini?" Watu wakacheka, na muuguzi naye akacheka. Hakuna aliyejua kwamba mfasiri yumo chumbani.

Mama yule alikuwa na haki. Katika Kiswahili uchafu ni kitu ambacho maana yake yenyewe humtaka mtu akiondoe. Kumwambia mtu aache uchafu ni kumwambia aache usafi, na hakuna mzazi atakayekubali. Lakini kile nilichokiita uchafu si uchafu. Hutengenezwa na tezi zilizo katika ngozi ya njia ya sikio, hunasa vumbi na wadudu, na kwa kawaida hutoka chenyewe polepole jinsi ngozi inavyosogea kuelekea nje. Kijiti hukisukuma ndani zaidi, na mara nyingine hutoboa kiwambo. Neno "nta ya sikio" lipo, na baadhi yetu tumekuwa tukilikwepa kwa kuwa lanukia tafsiri ya Kiingereza. Ni kweli, ni tafsiri. Hata hivyo nta kwetu ni kitu kilichotengenezwa kwa makusudi, tena chenye kazi. Nyuki hafanyi nta bure. Anayeambiwa aiache nta hana la kubisha. Hapa neno la kufasiriwa limeshinda neno letu la nyumbani, nami nalitaja mapema ili msomaji asidhani kwamba makala haya yameandikwa kutetea usafi wa lugha.

Sikio la nje halina mashaka makubwa. Watu wa Mombasa huliita shikio, na wote twaelewana. Tunalo hata neno ndewe, ambalo kamusi zetu hulieleza kuwa ni tundu litobolewalo katika ncha ya sikio kwa ajili ya pambo, na ambalo wasemaji wengine hulitumia kwa ncha yenyewe. Ajabu ni kwamba vitabu vya afya havilitumii, ilhali kila bibi anayevaa vipuli alijua. Nalitaja kisha nalipita.

Ubishi waanzia kwenye ile ngozi nyembamba, unene wake kama sehemu ya kumi ya milimita, inayoziba mwisho wa njia ya sikio. Wapo waiitao ngoma ya sikio, na wapo waiitao kiwambo cha sikio. Nimesikia wenzetu wakisema kwamba maneno haya mawili ni visawe na kwamba mwandishi achague atakalo. Sikubali. Kiwambo chatokana na kitenzi wamba, yaani kutandaza ngozi au kitu kingine na kukivuta mpaka kikaze: ngoma huwambwa, kitanda huwambwa. Kwa hiyo neno hili halifananishi tu; lataja hali ambayo bila hiyo ngozi ile haifanyi kazi. Kikiwa kimelegea hakitetemi sawasawa, na kikitoboka hakina kilichobaki cha kutetema vizuri. Mtu anayejua maana ya kuwamba amekwisha kufundishwa nusu ya somo na neno lenyewe.

Ngoma, kwa upande mwingine, ni kifaa kizima: mzinga wake, uwazi ulio ndani, na ngozi iliyowambwa juu. Ukiiita ngozi peke yake ngoma, umetaja kizima ukikusudia sehemu. Tena jambo hili Walatini walilitazama vizuri kuliko wafasiri wao. Katika anatomia, tympanum, yaani ngoma, lilikuwa jina la chumba cha sikio la kati, na ile ngozi ikaitwa utando wa ngoma. Kiingereza cha mitaani kilichanganya mambo hayo mawili, nasi tukafasiri mchanganyiko huo. Pendekezo langu basi ni hili: kiwambo kibaki kuwa jina la ngozi, na ngoma ya sikio, ikiwa twaihitaji, iwe jina la chumba chenye hewa kilicho nyuma ya kiwambo. Hapo mfano utakuwa kamili, maana ngoma ina uwazi ndani yake, na uwazi huo ukijaa maji au usaha, haivumi. Hayo ndiyo yanayompata mtoto mwenye uvimbe wa sikio la kati: kiwambo chaweza kuwa kizima, ila chumba kimejaa, naye akasikia watu kana kwamba wako upande wa pili wa ukuta.

Na tukiwa bado hapo, kuna msuli mdogo uliojishikiza kwenye mfupa wa kwanza wa sikio. Ukikaza, huvuta mfupa ule kuelekea ndani, na kiwambo nacho kikavutika na kukaza zaidi. Jina lake la Kilatini lina maana ya mkaza-ngoma. Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani, maana Mswahili amekwisha kusema tangu zamani: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sidhani kwamba kuna istilahi nyingine katika mwili mzima ambayo methali imeitengenezea njia namna hii. Msuli huo na uitwe msuli mwambangoma, na mwanafunzi hatasahau kamwe kwamba huvuta kwa ndani.

Twafika kwenye mifupa mitatu. Majina yake, nyundo, fuawe na kikuku, yameanza kuzoeleka katika maandishi yetu, na ndiyo tafsiri za moja kwa moja za malleus, incus na stapes. Ni majina yaliyotokana na wataalamu wa vyuo vya Italia vya karne ya 16, ambao walikuwa na wahunzi na farasi nje ya madirisha yao. Basi tulichofasiri si mifupa. Tumefasiri walichokiona wao walipochungulia nje.

Sisemi kwamba hilo lenyewe ni kosa. Mhunzi si mgeni kwetu. Neno fuawe ni letu, limetokana na kufua chuma, na halikungoja kitabu cha tiba. Lakini niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wengi wao wasemaji hodari, fuawe ni nini. Kadhaa walidhani ni kitenzi, tena cha kutisha, wakilisikia kama auawe. Nyundo wote waliijua. Kikuku walikijua pia, ila kwao ni bangili ya mkononi au ya mguuni. Wachache mno waliwaza chuma kinachoning'inia kwenye tandiko, ambacho mpanda farasi huweka mguu wake. Tofauti hii si ndogo. Bangili ni duara tupu. Mfupa huu una vijiti viwili vilivyosimama juu ya bamba, na bamba hilo, unyayo wake, ndilo linaloziba dirisha la sikio la ndani na kusukuma majimaji yaliyomo. Upo ugonjwa ambao kiini chake ni kwamba unyayo ule hushikamana na ukingo wa dirisha usitikisike tena, na mgonjwa akazidi kuwa kiziwi. Mwanafunzi mwenye bangili akilini mwake hana pa kuuweka ugonjwa huo.

Mnyonge wetu hata hivyo si peke yake. Warumi wa kale walipanda farasi bila vikuku, wala lugha yao haikuwa na jina la kitu hicho. Stapes ni Kilatini kilichoundwa baadaye sana, na wanaokiheshimu kwa ukale wake wanaheshimu neno la kubuni. Nalisema hili kwa ajili ya wale wenzetu wanaodai kwamba lugha ya kisayansi ni ile iliyokuwa na maneno tayari. Hakuna iliyokuwa nayo tayari.

Kosa kubwa zaidi katika majina haya limo katika mfano wenyewe, na lingekuwamo hata kama tungefasiri kwa ustadi gani. Nyundo hupiga fuawe; hiyo ndiyo kazi yake duniani. Ndani ya sikio nyundo haimpigi mtu. Mifupa hii miwili imeungana kwa kiungo na huenda pamoja kama wenzo, ikipokea mtikiso kutoka kwenye kiwambo kipana na kuukusanya juu ya dirisha dogo. Nimesahihisha insha za wanafunzi wa ualimu zilizoeleza kwamba sauti "hugonga ngoma, nyundo ikagonga fuawe, na mlio ukasikika". Waliiamini istilahi, nayo ikawapoteza. Ningeiacha minyororo hii ya majina ilivyo, kwa kuwa imeenea na kuibadilisha kutaleta fujo, ila kitabu chochote kinachoitumia hakina budi kusema wazi katika mstari ule ule kwamba hapa nyundo haipigi.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili Uingereza, nilipata kuketi na rafiki mgonjwa mbele ya daktari wa masikio. Muda wote daktari alizungumza kwa maneno ya jikoni na ya bombani. Kilatini alikiandika kwenye faili baada ya mgonjwa kuinuka. Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na hoja kwamba daktari wetu akitumia neno la kawaida atashusha hadhi ya fani.

Hoja hiyo husikika sana pale tufikapo kwenye ule mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua na koo. Vitabu vyetu humwita mwenye mrija: mrija wa Eustachi, kwa heshima ya Bartolomeo Eustachi, bingwa wa anatomia aliyefariki mwaka 1574. Heshima yake anastahili. Lakini orodha ya majina ya anatomia iliyokubaliwa na wataalamu wa mataifa mjini Paris mwaka 1955 iliyaacha majina ya watu, na mrija huu ukapewa jina la kazi. Maana yake ni kwamba tunashikilia kwa uaminifu jina ambalo wenyewe waliliondoa katika orodha yao rasmi, japo wanalitumia bado katika mazungumzo.

Jambo lenyewe ni la watoto wetu. Mrija huu hufunguka mtu anapomeza mate, hewa ikaingia na kutoka, na shinikizo likawa sawa pande zote mbili za kiwambo. Yeyote aliyeteremka kwa matatu kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu ameujua kwa masikio yake: yaliziba, akameza mate, yakazibuka. Katika mtoto mdogo mrija ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua yana njia nyepesi ya kupanda kutoka puani hadi sikioni. Mwambie mama kwamba mrija wa Eustachi umevimba. Atatikisa kichwa kwa adabu. Mwambie kwamba mrija wa koo na sikio umevimba kwa sababu ya mafua, naye atauliza papo hapo: "Kumbe vinakutana?" Swali hilo ndilo mwanzo wa kumleta mtoto kliniki siku ya pili ya mafua yenye homa na kulia usiku, badala ya kungoja usaha utoke. Jina moja limefunga mlango na jingine limeufungua, wala tofauti yao si ya elimu.

Sikio la ndani nitalipita kwa haraka, kwa kuwa hapa lugha ilikuwa na akiba ambayo hatukuitumia. Wataalamu wa Kizungu waliona njia zilizopindana wakakumbuka jengo la hadithi za Wayunani. Baadhi ya waandishi wetu wameandika labirinthi, na hakuna msomaji aliyefaidika. Kiswahili kina mzingile, neno la kale la njia za kuzungukazunguka zinazompoteza mtu, na lina asili moja na kuzinga. Ndani ya mzingile huo imo mifereji mitatu ya nusu duara, kila mmoja ukielekea upande wake, ambayo hupima jinsi kichwa kinavyogeuka. Mtu ambaye mifereji hiyo imemwendea kombo huja akilalamika kizunguzungu. Kuzinga, kuzunguka, kizunguzungu, mzingile: masikio ya msemaji yaona undugu hapo hata kama mwanaisimu atataka kuuchunguza zaidi. Ama ile sehemu ya kusikilia, yenye kujiviringisha karibu mara mbili na nusu, iitwe konokono wa sikio. Sioni sababu ya kutafuta kwingine; gamba lake lajulikana bara na pwani.

Nimefika kwenye neva, na hapa ndipo nakiri kwamba uhakiki wangu unakwama.

Kwanza kuna mshipa. Neno hili katika Kiswahili hubeba mishipa ya damu inayotoka moyoni na inayorudi, hubeba neva, na kwa watu wengi ni jina la ugonjwa wa kinena ambao mwanamume hautaji mbele za watu. Ukiandika "mshipa wa sikio" umeandika vitu vitatu, na kimoja kati yake ni cha aibu. Kwa hiyo nimelikubali neva bila kusita, ingawa ni la kukopa. Ni jepesi, na halina historia nyingine ya kutuaibisha.

Shida ni sehemu ya pili, "ya kusikia". Kusikia kwetu si kazi ya sikio peke yake. Twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia harufu, twasikia uchungu. Neva ya kusikia, kwa mantiki ya Kiswahili, ingeweza kuwa neva yoyote ya hisi. Tena neva inayohusika haichukui sauti tu. Huchukua pia habari za mizani ya mwili kutoka katika ile mifereji mitatu. Ningeiita neva ya sikio la ndani, nikitaja mahali itokapo na kuacha kazi yake, japo kwa kufanya hivyo navunja kanuni niliyoitetea nilipozungumza juu ya kiwambo. Usikivu nao haufai. Mtoto msikivu si mwenye masikio mazima. Ni mtoto mtiifu.

Hapo ndipo penye uzito. Mzazi akisema "mtoto huyu hasikii", jirani haulizi kama amepelekwa kwa daktari. Anauliza kama ameadhibiwa. Lugha yetu imefunga kusikia na kutii katika fundo moja, na fundo hilo lina uzuri wake katika malezi, lakini humwangukia mtoto ambaye chumba chake cha sikio kimejaa majimaji. Haitiki kwa kuwa hasikii. Twasema hasikii kwa maana ya kuwa haitiki kwa makusudi. Akiwa mkubwa kidogo tutamtolea methali kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nimefundisha wanafunzi wawili katika miaka hii ambao waliambiwa wana vichwa vigumu shule nzima ya msingi, na ambao tatizo lao lilitambuliwa walipokuwa watu wazima. Sitasema mengi juu yao. Wote wawili walinisimulia habari hiyo kwa neno lile lile, hasikii, na kila mmoja alilazimika kunieleza alikusudia maana ipi.

Istilahi haiwezi kulifungua fundo hili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, kamusi za Johnson zikatoka mwaka 1939, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ikakifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2010. Katika miaka yote hiyo tumeunda nomino. Kitenzi sikia hatukukigusa, na huenda hakigusiki, maana lugha si ya kamati. Lakini daktari, muuguzi na mwalimu wanaweza kuuliza kwa njia nyingine.

Kipeperushi kile kilichapishwa mara ya pili, nami nikaruhusiwa kukisahihisha. Uchafu niliufanya nta. Mrija wa Eustachi niliufanya mrija wa koo na sikio. Ngoma iliyopasuka ikawa kiwambo kilichotoboka. Palikuwa na swali la kumuuliza mzazi, ambalo awali nililifasiri, "Je, mtoto wako anasikia?" Nililifikiria kwa siku tatu, na mwishowe nikaandika: "Ukimwita mtoto wako kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, hakuoni, je, hugeuka?"